Nani Amkamate Nani: Ulinzi na Haki Unyamwezini

Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alimwandikia Rais Julius Nyerere barua ya kujiuzulu. Hakuwa amempiga mtu wala kuamuru mtu apigwe. Lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake, na huko Mwanza na Shinyanga kulikuwa na watu waliokufa wakiwa mikononi mwa polisi na maofisa wa usalama. Pamoja naye aliondoka Peter Siyovelwa, waziri wa nchi aliyehusika na usalama, na wakuu wa mikoa wawili, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Mawaziri wawili na wakuu wa mikoa wawili kuacha kazi kwa sababu ya mateso waliyopata wanavijiji lilikuwa jambo geni katika nchi hii, na kwa kweli hata leo ni geni.

Yaliyoitangulia barua ile na yaliyoifuata ndiyo historia ninayotaka kuisimulia. Ilitokea katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, kuanzia Ziwa Viktoria kushuka Shinyanga, Kahama, Nzega na Igunga, mpaka vijiji vya Uyui, wilaya ambayo makao makuu yake yako Isikizya. Wazee wa huku walijua tangu enzi za misafara kwamba anayekulinda njiani anaweza pia kukutoza njiani. Ruga-ruga, yaani wapiganaji, wa Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, waliilinda njia ya Ujiji na Bagamoyo kwa wale waliolipa hongo, yaani ushuru wa njia, na waliifunga kwa wale waliokataa. Mjerumani alipovunja boma la Mtemi Isike pale Tabora mwaka 1893, ulinzi ukahamia kwa askari wa serikali. Swali likabaki lile lile: mlinzi akikuonea, utamshitaki wapi?

Tanganyika huru ililijibu swali hilo mapema, na ililijibu vibaya. Katiba ya uhuru ya 1961 haikuwa na orodha ya haki ambazo raia angeweza kuzidai mahakamani, na ile ya Jamhuri ya 1962 ilizitaja haki hizo katika utangulizi tu, mahali ambapo jaji hawezi kuzishika. Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Nchi ilikuwa changa, majaji karibu wote walikuwa Waingereza, na viongozi wa chama tawala, TANU, waliogopa kwamba mahakama ingekuwa kikwazo cha kila mpango wa maendeleo. Nyerere mwenyewe aliwahi kuionja sheria ya mkoloni: mwaka 1958 alishitakiwa kwa maandishi yaliyowagusa maofisa wawili wa wilaya, akatiwa hatiani na kupigwa faini ya shilingi 3,000. Ungetarajia watu waliopita njia hiyo waogope kuiacha dola na mamlaka yasiyo na mipaka.

Septemba 1962 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Masharti yake ni mafupi. Rais akiridhika kwamba mtu fulani ni hatari kwa amani na usalama, anatia saini hati, hati inapigwa muhuri wa taifa, na mtu yule anafungwa bila mashtaka. Sheria ilisema kwamba hati hiyo haitahojiwa katika mahakama yoyote. Kamati ya ushauri iliwekwa, lakini ushauri wake haukumfunga Rais. Wabunge waliambiwa kwamba sheria itatumika kwa nadra, wakati wa hatari tu.

Katika baraza la mawaziri la wakati huo, Waziri wa Sheria alikuwa mtu wa Tabora: Chifu Abdallah Said Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, msomi wa Makerere. Mwaka uliofuata akaondoka serikalini. Waziri mwingine katika serikali ile ile alikuwa Oscar Kambona. Miaka mitano baadaye Kambona alikuwa uhamishoni London, na ndugu zake wawili, Otini na Mattiya, waliwekwa kizuizini kwa sheria ile ile. Walikaa ndani tangu Desemba 1967 hadi mwanzoni mwa 1978. Ni miaka kumi bila hukumu.

Mwaka huo huo wa 1962 zilitungwa sheria nyingine ambazo hazikupigiwa kelele sana, ingawa kwa mtu wa kijijini ndizo zilikuwa karibu zaidi. Wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya walipewa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa saa 48. Hati ya Rais ilihitaji muhuri na safari ya kwenda Dar es Salaam, ilhali amri ya mkuu wa wilaya ilihitaji polisi mmoja na gari. Kisha, Januari 1964, wanajeshi waliasi, kwanza katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na siku iliyofuata Tabora, ambako kikosi cha pili kiliwafukuza maofisa wake Waingereza. Uasi ulipozimwa, mamia ya watu walikamatwa, wakiwemo viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi ambao hawakuwa wameshika bunduki. Kasanga Tumbo, aliyeongoza mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli mwaka 1960 na baadaye akawa balozi London kabla ya kugeuka mpinzani, alirudishwa kutoka Mombasa na kuingizwa kizuizini. Shirikisho huru la wafanyakazi lilivunjwa mwezi uliofuata.

Katika miaka hiyo hiyo TANU ilieneza mabalozi wa nyumba kumi. Balozi alisuluhisha ugomvi, alipeleka habari za Chama, na alijua mgeni gani amelala kwa nani na ataondoka lini. Watu wengi waliuona utaratibu huo kuwa wa kindugu, na katika vijiji vingi ulikuwa hivyo kweli. Lakini faragha ya nyumba ilikuwa imekabidhiwa kwa jirani mwenye cheo, na hakuna sheria iliyomwambia mwisho wa kazi yake ni wapi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa nchi ilipofika mwaka 1975.

Mwaka huo, na mwanzoni mwa 1976, Mwanza na Shinyanga kulizuka wimbi la mauaji. Wengi waliouawa walikuwa wazee, hasa wanawake walioshukiwa uchawi. Waliouawa kwa sababu hiyo Tanzania Bara kati ya 1970 na 1984 walihesabiwa baadaye kuwa zaidi ya 3,600, wengi wao wanawake na wengi kutoka Usukumani. Ukiona takwimu hiyo unaelewa kwa nini serikali ilishtuka. Hofu ilikuwa ya kweli. Bibi aliyepika kwa mavi ya ng'ombe maisha yake yote, macho yakawa mekundu kwa moshi, alikuwa akilala bila kujua kama ataamka, kwa sababu macho yale yalihesabiwa kuwa alama ya uchawi.

Serikali ikaanzisha operesheni ya pamoja ya polisi na maofisa wa usalama. Mamia ya watu walikusanywa, waganga wakiwemo, na wengi hawakufikishwa mahakamani. Waliulizwa maswali kwa kipigo na kwa mateso ya aina nyingine ambayo sitayaeleza hapa, na baadhi yao wakafa. Idara ya usalama yenyewe wakati huo haikuwa na sheria yake iliyoeleza mipaka ya kazi zake. Sheria ya kwanza ya namna hiyo ilitungwa mwaka 1996, miaka ishirini baadaye.

Habari zilivuja. Serikali ilichunguza, viongozi wale wanne wakaachia ngazi, na baadhi ya maofisa wakashitakiwa Mahakama Kuu. Walitiwa hatiani na kufungwa, na rufani ikafika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mahakama iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1979 tu. Napenda msomaji atue kidogo hapa. Katika nchi ya chama kimoja, isiyo na orodha ya haki katika katiba, maofisa wa usalama walisimama kizimbani kwa kuwatesa watu ambao wengi wao walikuwa maskini wasiojulikana nje ya vijiji vyao. Nyerere angeweza kuwakinga kwa kutumia neno usalama, asiwakinge. Kwa hilo anastahili heshima, na Mwinyi pia, ambaye katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2021 alilieleza tukio hilo waziwazi.

Hata hivyo sheria zenyewe hazikuguswa. Waliadhibiwa watu, na mamlaka waliyoyatumia yakabaki yalivyokuwa.

Matokeo mengine hayakutarajiwa na mtu. Polisi wa kanda ile wakawa waoga wa kumgusa mshukiwa. Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na vilipokwisha bunduki zilienea mikononi mwa watu ambao hawakupaswa kuwa nazo. Wizi wa ng'ombe ukabadilika sura. Zamani mwizi aliingia zizini usiku na kutoka na ng'ombe wawili. Sasa genge lilifika na silaha na kuswaga kundi zima, na mwenye mali akipiga kelele anapigwa risasi. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, gari halina mafuta, na kulikuwa na manung'uniko kwamba mwizi aliyekamatwa Jumatatu huonekana mnadani Ijumaa.

Kati ya 1981 na 1982, katika vijiji vya upande wa Kahama, wanavijiji wakaanza kujipanga wenyewe. Walijiita Basalama, watu wa salama, ila jina lililoshika ni Sungusungu, la wale wadudu weusi waendao kwa mstari na kuuma kwa pamoja. Ndani ya miaka michache lilikuwa limeenea Unyamwezi na Usukuma yote, Tabora ikiwemo.

Muundo wake ulichukuliwa kutoka kwenye utawala ambao serikali ilikuwa imeufuta mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kiongozi wa kijiji aliitwa mtemi. Chini yake walikuwapo makamanda, katibu wa kuandika majina, na askari, ambao kwa kweli walikuwa vijana na wanaume wote wa kijiji. Wanawake nao walikuwa na viongozi wao. Silaha ilikuwa upinde na mishale. Wanachama waliapishwa na kupewa dawa ya kuwakinga na kuwafunga midomo. Ng'ombe wakiibwa, yowe lilipigwa, mwano kama wanavyouita wenyewe, filimbi zikafuata, na kila mwanamume aliyesikia alitoka na upinde wake. Kijiji kimoja kilifuata nyayo mpaka mpakani na kukabidhi kazi kwa kijiji cha pili, na cha pili kwa cha tatu, usiku kucha. Ng'ombe walipatikana. Watu wakaanza kulala usingizi. Mtu yeyote anayeandika habari za Sungusungu bila kuanza na usingizi huo hawatendei haki wanavijiji wale.

Mchana wake mshukiwa aliketishwa katikati ya duara, chini ya mti. Mtemi na makamanda walimhoji. Hakukuwa na wakili, wala ushahidi wa kuandikwa, wala haki ya kunyamaza, kwa kuwa aliyenyamaza alihesabiwa amekiri. Wengine walichapwa. Adhabu ya kawaida ilikuwa faini ya ng'ombe. Aliyekataa kulipa alitengwa. Kutengwa Unyamwezini ni adhabu nzito kuliko jela kwa wengi: hakuna atakayekusalimia, hupewi moto wala maji, hakuna atakayelima nawe wala kukuuguza, na ukifiwa unazika peke yako. Mtu wa namna hiyo alihama usiku na watoto wake.

Mwanzoni kabisa, Sungusungu liliwafuata pia walioitwa wachawi. Bibi yule wa macho mekundu, ambaye operesheni ya 1976 ilidaiwa kumlinda, sasa aliketishwa katika duara na majirani zake. Serikali na Chama walilikemea hilo na kulitaka jeshi hilo la jadi libaki na wezi wa ng'ombe. Katika sehemu nyingi likatii. Lakini bibi hakuwa na mahali pa kukata rufani wakati ule, kama vile waliokamatwa 1976 walivyokuwa hawana.

Dola lilisita. Kwa sheria za nchi, kumkamata mtu, kumpiga na kumtoza faini bila mahakama ni kosa, na baadhi ya wana Sungusungu walishitakiwa. Kwa upande mwingine CCM, chama tawala wakati huo, ililiona jeshi hilo kuwa nguvu ya umma na viongozi wake wakalitetea. Wakati huo huo serikali kuu nayo ilikuwa inapita njia hiyo ya mkato. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, maelfu walikamatwa kabla sheria yenyewe haijatungwa. Sheria ilipokuja ikatumika kurudi nyuma, ikaunda baraza maalumu badala ya mahakama, bila mawakili. Mwaka uliofuata ililegezwa na kuandikwa upya.

Mwaka 1984 Katiba ilirekebishwa na hatimaye orodha ya haki ikaingia. Ibara ya 15 inalinda uhuru wa mtu, na Ibara ya 16 inalinda faragha yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Serikali iliomba miaka mitatu ya kusafisha sheria kabla watu hawajaruhusiwa kuidai mahakamani. Miaka ikaisha Machi 1988, sheria nyingi zikiwa kama zilivyokuwa. Sheria ya kizuizini ilikuwa imeguswa kidogo mwaka 1985, ikafunguliwa mlango mdogo wa mahakama na wakati huo huo ikapanuliwa hadi Zanzibar. Mwaka ule ule wa 1988, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba sheria ya kikoloni ya kuwahamisha watu kwa nguvu kutoka makwao, iliyodumu tangu 1921, inakwenda kinyume cha Katiba.

Mwaka uliofuata, 1989, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za mgambo. Sungusungu, na vikundi vyote vya jadi vya namna hiyo, vikapewa uwezo wa kukamata alio nao askari polisi. Rais wa nchi wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi, yule yule aliyejiuzulu kwa sababu mamlaka ya kukamata yalikosa msimamizi. Sitaki kusema alisahau. Alikuwa na chaguo gumu: ama kuwaacha wanavijiji wakikamatana nje ya sheria, ama kuwaingiza ndani ya sheria kwa matumaini kwamba sheria itawalainisha. Kosa la hatua hiyo, kwa maoni yangu, ni kwamba walipewa uwezo wa polisi bila kupewa mafunzo, daftari na nidhamu ya polisi, na bila mshukiwa kuonyeshwa mahali pa kulalamika. Uwezo wa kukamata ulienea hadi mwisho wa kijiji. Uwezo wa kuhoji ukamataji huo ukabaki mjini, kwa wenye nauli na wakili.

Chifu Fundikira alirudi uwanjani wakati huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, akikaribia umri wa miaka sabini, aliongoza harakati za kudai haki za kiraia na mfumo wa vyama vingi, kisha akaanzisha chama cha UMD. Mtu aliyekuwa Waziri wa Sheria wakati sheria ya kizuizini ilipopita sasa alikuwa upande wa wanaotaka sheria za namna hiyo zifutwe. Februari 1991 Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Tume ilizunguka nchi nzima, ikakuta asilimia 77.2 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, na bado ikashauri vyama vingi viruhusiwe. Ilifanya jambo la pili ambalo halikumbukwi sana: ilitaja sheria 40 zinazokandamiza na kutaka zifutwe au zirekebishwe, ile ya kizuizini ikiwemo. Vyama vingi vilikuja Julai 1992. Nyingi kati ya sheria zile 40 zilivuka salama, na ya kizuizini ikachapishwa tena katika toleo la sheria la 2002, Sura ya 361.

Tangu hapo macho ya dola yamepata vyombo vipya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuja 2015, na kufikia Januari 2020 kila laini ya simu ilitakiwa iwe imesajiliwa kwa alama za vidole, zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kazi ambayo balozi wa nyumba kumi aliifanya kwa kukaa barazani, leo inaweza kufanywa na anayeshika kumbukumbu za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ni hatua njema na ilichelewa, ingawa mambo ya usalama wa taifa yana nafasi pana ndani yake.

Lakini kwa mtu wa Isikizya, mamlaka yaliyo karibu bado ni yale ya 1962. Yaliandikwa upya katika Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997: mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya wanaweza kuamuru mtu akamatwe akionekana atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Uwezo huo umetumika kwa walimu, watumishi wa afya, waandishi wa habari na madiwani, mara nyingine kwa sababu ya kuchelewa kikaoni au kujibu kwa sauti isiyopendeza, na viongozi wa juu wa serikali wamewakemea wakuu wa wilaya kwa hilo zaidi ya mara moja. Sheria hiyo ina masharti ambayo hayasomwi mikutanoni. Anayeamuru lazima aandike sababu zake. Aliyekamatwa lazima afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48, la sivyo aachiwe. Kuutumia uwezo huo vibaya ni kosa.

Ndugu msomaji, ndugu yako akichukuliwa kwa amri ya namna hiyo, usianze na kumtafuta wa kumwombea msamaha. Nenda mahakamani, uliza kwa heshima zimeandikwa wapi sababu za kukamatwa kwake, na uhesabu saa.